Herufi Moja, Namna Kumi na Mbili za Kuisoma: Nani Anaamua?

Kuna uongo mmoja mtamu ambao sisi wapenzi wa fasihi tumeumeza bila kutafuna: kwamba maandishi ya Kichina na Kijapani ni picha, na kila picha imebeba hekima ambayo sisi wa a-e-i-o-u hatuwezi kuifikia. Fungua Instagram leo, hutakosa bango lenye herufi kubwa nyeusi na maelezo kwamba eti Wachina huandika "janga" kwa kuunganisha "hatari" na "fursa". Wahamasishaji wanalipenda sana. John F. Kennedy alilitumia kwenye hotuba zake kabla hata hajawa rais wa Marekani, na tangu hapo halijapumzika.

Tatizo ni kwamba si kweli. Neno lenyewe ni 危机. Hiyo herufi ya pili, 机, hupata maana ya fursa pale inapokaa na mwenzake katika neno jingine, 机会. Ikiwa ndani ya 危机 inasema kitu kingine: wakati nyeti, pale mambo yanapoweza kugeuka. Mtu aliyepatwa na janga kule Wuhan anaogopa kama anavyoogopa mtu wa Tandika. Hakuna fursa iliyojificha kwenye mwandiko.

Siandiki haya ili kuwaharibia watu mabango yao. Ninachotaka kusema ni kwamba herufi yenye maana nyingi haina muujiza wowote. Ina kazi, na kazi hiyo inamwangukia msomaji: ni lazima aamue. Na pale ambapo msomaji hajaamua mwenyewe, ujue kuna mtu ameshaamua kwa niaba yake. Kwa sisi ambao vitabu vingi vya Asia vinatufikia kwa Kiingereza, hilo si jambo dogo.

Tuchukue herufi moja tu tuitazame vizuri: 生.

Mche uliochomoza

Umbo lake la kale, lililochongwa kwenye mifupa na magamba ya kobe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, linaonyesha mmea ukichomoza kutoka ardhini. Picha ipo, sikatai. Lakini tazama ilikofika. Katika Kimandarini cha leo 生 ina sauti moja, shēng, na shughuli chungu nzima. Kuzaliwa ni 出生. Nyama mbichi ni 生肉. Mwanafunzi ni 学生, daktari ni 医生, biashara ni 生意. Kukasirika ni 生气. Karanga, hizi hizi za kufungiwa kwenye karatasi pale stendi, ni 花生. Na mwanafunzi wa Kichina akifungua somo jipya hukutana na orodha ya 生词, maneno mapya. Ukifasiri kipande kwa kipande, ni "maneno mabichi".

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Embe bichi halijaiva, nyama mbichi haijapikwa, kuni mbichi haziwaki, na kijana aliyeanza kazi jana tunasema bado mbichi. Au chukua "-zima". Mgonjwa ni mzima. Yule ni mtu mzima. Nipe mkate mzima. Halafu, zima taa! Uhai, umri, ukamilifu, na kuua mwanga, vyote vimepanga nyumba moja. Hakuna anayetengeneza bango kusema kwamba Waswahili wanaamini uhai na giza ni kitu kimoja. Tunajua kwamba neno linaeleweka kwa majirani zake. Kwa nini tunaacha kujua hivyo mara tu tunapoona wino wa Kichina?

Sababu moja ni ya kifasihi, na ina majina. Ernest Fenollosa, Mmarekani aliyefundisha Japani, aliacha maandishi akidai kwamba herufi za Kichina ni picha za matendo, ushairi tayari kabla mshairi hajaanza kazi. Alifariki mwaka 1908. Ezra Pound alichukua makaratasi yake, akatoa Cathay mwaka 1915, kisha akachapisha ile insha mwaka 1919. Kwa ushairi wa Kiingereza ilikuwa baraka. Kwa kuwaeleza watu Kichina kinavyofanya kazi, ilikuwa hasara, maana sehemu kubwa ya herufi zile hujengwa kwa kipande kinachodokeza maana na kipande kinachodokeza sauti tu.

Herufi yetu inathibitisha. Ukiikuta 生 ndani ya 牲 (mnyama wa kafara), ndani ya 笙 (ala ya muziki ya mianzi) na ndani ya 甥 (mpwa), usianze kutunga falsafa ya uhai wa mianzi. Zote zinasomwa shēng. Imewekwa pale kutoa sauti. Hata 星, nyota, ina 生 chini ya jua. Mtu wa mabango atakwambia nyota ni "jua linalozaa". Hapana. Nyota ni xīng, na 生 iko pale kukukumbusha matamshi.

Ikavuka bahari

Kichina kina maana nyingi kwa sauti moja. Kijapani kikaongeza balaa la pili: sauti nyingi kwa alama moja.

Wajapani walipopokea maandishi ya Kichina kupitia rasi ya Korea, walikuwa na lugha yao isiyo na undugu na Kichina. Walikuwa tayari wanasema iki- kwa kuishi, uma- kwa kuzaa na kuzaliwa, ha- kwa kuota kama nyasi au ndevu, nama kwa kibichi, ki kwa kisichochanganywa na kitu. Wakaichukua 生 wakaivika maneno hayo yote. Kisha wakaazima na sauti ya Kichina yenyewe, tena si mara moja. Sauti ya zamani zaidi, shō, iliota mizizi hasa kwenye lugha ya Kibuddha. Ya baadaye, sei, ililetwa na wanafunzi na wajumbe waliokwenda Chang'an wakati wa nasaba ya Tang. Ndiyo maana hadi leo 一生, umri wote wa mtu, ni isshō, lakini 人生, maisha, ni jinsei, na mwalimu, 先生, ni sensei.

Orodha rasmi ya serikali ya Japani ya mwaka 2010 ina herufi 2,136 za matumizi ya kawaida. 生 peke yake imepewa namna 12 za kusomwa: mbili za asili ya Kichina na kumi za Kijapani. Na hizo ni za orodha tu. Nje ya hizo 12 kuna shibafu, bustani ya nyasi, ambapo 生 inasomwa fu. Kuna Fussa, mji ulio ndani ya Tokyo. Kuna 生憎, ainiku, neno la "kwa bahati mbaya". Kuna yayoi, jina la kale la mwezi wa tatu, ambapo inasomwa yoi.

Ukitaka kuelewa ilivyotokea, fikiria sehemu anapokwenda mtoto kusoma. Bara tunasema shule, neno tulilolitoa kwa Wajerumani. Zanzibar utasikia skuli, la Waingereza. Na kabla ya wote hao palikuwa na chuo. Sasa tuseme tungekuwa na alama moja, mchoro wa paa na mtoto chini yake, na maneno yote matatu yanaandikwa kwa alama hiyo hiyo. Mtu wa Unguja ataisoma skuli, wa Mwanza ataisoma shule, na shehe atasema chuo. Wote wako sahihi. Tofauti ya sauti ni historia ya nani alifika lini.

Namba 2 ndiyo kanji yetu

Najua kuna msomaji anasema: basi hiyo ni lugha ya wendawazimu, mtu atasomaje? Ndugu yangu, wewe unasoma hivyo hivyo kila siku.

Nafanya kazi gazetini, na mwongozo wetu wa uandishi unatutaka tuandike tarakimu badala ya maneno. Kwa hiyo kwenye ukurasa mmoja utakuta "watu 2", "vitabu 2" na "nafasi ya 2". Unasoma wawili, viwili, pili. Alama ni moja, midomo inabadilika yenyewe, na hakuna aliyewahi kutupigia simu kulalamika. Mei 1 unaisoma Mei Mosi. Simu yako inaonyesha 7:00 na wewe, bila hata kufikiri, unasema saa moja. Yaani unaona saba na kutamka moja! Halafu anakuja mdogo wako na ujumbe: "2ko pamoja". Hapo 2 si mbili wala pili. Ni "tu", sauti ya Kiingereza iliyoazimwa ikavuliwa maana yake na kubanwa kwenye sarufi ya Kiswahili. Mjapani akiona "2ko" ataelewa mara moja tulichofanya, kwa sababu mababu zake walifanya hivyo hivyo na herufi za Kichina.

Tofauti ni mahali dokezo linapokaa. Kwetu liko mbele: "watu" inakupeleka kwenye wawili. Kijapani mara nyingi huweka mkia wa herufi ndogo za sauti. 生きる ni ikiru, kuishi. 生まれる ni umareru, kuzaliwa. 生える ni haeru, kuota. Mkia unakwambia kichwa kisomwe vipi. Shida huanza pale mkia usipokuwepo. 生物 shuleni ni seibutsu, somo la viumbe hai. Herufi hizo hizo kwenye chakula ni namamono, vitu vibichi vinavyoharibika haraka. Aliye hai na kile kinachotakiwa kuliwa leo, mwandiko mmoja.

Kwenye majina ndiyo usiseme. 羽生 ni jina la ukoo la Yuzuru Hanyū, mchezaji wa kuteleza kwenye barafu aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na 2018. 羽生 ni jina la ukoo la Yoshiharu Habu vilevile, bingwa wa shogi ambaye mwaka 1996 alishika mataji yote makubwa saba kwa mpigo. Herufi ni zile zile. Mmoja Hanyū, mwingine Habu. Hakuna kanuni itakayokusaidia. Ama unamjua mtu, ama unauliza. Na kwa muda mrefu sajili ya familia ya Japani ilihifadhi herufi za jina bila kuthibitisha rasmi zinavyosomwa. Ni Mei 2025 tu ndipo sheria mpya ilipoanza kutaka usomaji nao uandikwe. Fikiria: dola ya kisasa, yenye treni za mwendokasi, ndiyo kwanza inawauliza raia wake, "Samahani, unaitwa nani?"

Uzima wa Bwana Watanabe

Sasa twende kwenye fasihi na filamu, maana ndiko uamuzi unakouma.

Mwaka 1908 Tayama Katai, mmoja wa waandishi waliotaka riwaya ya Kijapani iseme maisha bila kuyapamba, alitoa riwaya yenye jina la herufi moja: 生. Husomwa Sei, maisha. Lakini jicho la Mjapani linapoitazama peke yake, bila mkia, nama nayo iko pale pale: kibichi, kisichopikwa. Kwa mwandishi wa mwelekeo ule, kibichi ndiyo ilani yake yote. Mdomo ni lazima useme Sei. Jicho halilazimiki. Hilo ndilo jambo halisi ambalo maandishi haya yanaweza na sauti haiwezi, na halihitaji mabango.

Mwaka 1952 Akira Kurosawa alitoa filamu iitwayo 生きる, Ikiru. Watanabe, mkuu wa idara ya wananchi kwenye ofisi ya jiji, anagundua ana saratani ya tumbo. Miaka 30 amegonga mihuri bila kufanya lolote. Anahangaika, analewa, anamfuata msichana mchangamfu aliyewahi kufanya kazi ofisini kwake, ili ajue siri ya uchangamfu wake. Mkahawani, jambo linamjia: bado anaweza kufanya kitu, kujenga uwanja wa watoto pale penye maji machafu. Anashuka ngazi mbio akiwa na sungura wa kuchezea mkononi, na wakati huo huo vijana wengine pale juu wanaimba wimbo wa kumpongeza mwenzao kwa siku ya kuzaliwa, ambaye ndiyo anapanda ngazi. Wimbo si wake, lakini kamera inafanya uwe wake.

Siku ya kuzaliwa kwa Kijapani ni 誕生日. Umeiona herufi ya katikati? Ni ile ile ya jina la filamu. Kwa Mjapani, kuishi na kuzaliwa ni herufi moja yenye mikia tofauti, na tukio la ngazi linakaa juu ya uhusiano huo. Sisemi Kurosawa alipanga kwa kamusi. Nasema mtazamaji wake anaona jina la filamu na siku ya kuzaliwa kama ndugu wa damu, na mtazamaji wa tafsiri haoni.

Mwaka 2022 Oliver Hermanus, mwongozaji kutoka Afrika Kusini, aliirudia hadithi hiyo London ya miaka ya 1950, kwa mswada wa Kazuo Ishiguro. Wakaiita Living. Jina zuri, na lina jambo lake: kwa Kiingereza neno hilo pia ni kipato, kile unachokipata kwa kazi. Kwa filamu kuhusu karani, hiyo ni faida. Lakini kuzaliwa kumepotea. Wamepata kitu, wameacha kitu. Huo ni uamuzi halali wa wasanii, nao wamebeba gharama yake.

Je, sisi? Tukipitia Kiingereza tutaandika "Kuishi", basi, kazi imekwisha. Na "kuishi" kwetu inanuka anwani: unaishi wapi, naishi Mbagala. Mimi ningeiita "Uzima". Uzima ni uhai. Uzima ni afya, ile hasa anayoipoteza Watanabe. Utu uzima ni umri ambao mtu huyu ameufikia bila kuufikia. Na ndani yake unasikika ule mwangwi wa kuzima, mwanga unaokaribia kuondoka. Haituletei kuzaliwa, lakini inatuletea mgongano ambao Kiingereza hakina. Huwezi kuufikia uamuzi huo ukianzia kwenye Living. Ni lazima uanzie kwenye 生.

Mfano wa pili unatoka China. Yu Hua, kwenye riwaya yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhusu Fugui, mzee aliyewazika mke, watoto, mkwe na mjukuu akabaki na ng'ombe dume tu, hakutumia 生 kwenye jina. Alitumia 活, ndugu yake, akaongeza kijineno cha kuonyesha hali inayoendelea: 活着. Kiingereza kikaandika To Live, na watu wakaisoma kama wito, ishi! Lakini jina halimhimizi mtu yeyote. Linaeleza hali: mtu yuko hai, bado anaendelea kuwa hai. Kiswahili kina kitu hicho tayari mfukoni. "Ningali hai." Ile -ngali inasema bado, hata baada ya yote. Wazee wetu hujibu hivyo wakijuliwa hali. Fugui angejibu hivyo hivyo.

Mpaka uliopotea

Mfano unaoniuma zaidi si wa 生, ila tatizo ni lile lile, tena kwenye mlango wa moja ya riwaya zinazosomwa sana duniani. Yasunari Kawabata alianza kuchapisha vipande vya Yukiguni mwaka 1935, kikatoka kitabu mwaka 1937, na akaendelea kukirekebisha hadi 1948. Mwaka 1968 alipata Nobel. Sentensi ya kwanza, ya treni kutoka kwenye handaki, inajulikana na kila mwanafunzi wa Japani. Neno lake la kwanza ni 国境, mpaka. Na hawakubaliani linavyosomwa.

Ukisoma kokkyō, ni sauti ya asili ya Kichina, kavu, ya mpaka wa dola na dola. Msafiri anatoka ulimwengu mmoja kuingia mwingine. Ukisoma kunizakai, ni Kijapani cha nyumbani, mpaka wa majimbo ya kale. Kijiografia hii ya pili ina nguvu: handaki la Shimizu, lililofunguliwa mwaka 1931, linapita chini ya milima iliyotenganisha Kōzuke na Echigo, ambayo leo ni mikoa ya Gunma na Niigata. Hakuna pasipoti inayogongwa pale. Lakini wanaosema kokkyō nao wana hoja: mdundo ni mfupi, unakata, na Shimamura kwa kweli anavuka kama mtu anayeihama nchi yake, kazi yake na mke wake. Wajapani wamebishana kwa miaka mingi, na ubishi huo umekuwa sehemu ya kitabu.

Edward Seidensticker, katika tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1956, ile iliyomtangaza Kawabata duniani, alifanya nini? Aliuondoa mpaka. Haupo. Akaweka treni kama mtendaji, ambayo kwenye sentensi ya Kijapani haikutajwa, na mpaka akauacha nje. Sentensi yake ni nzuri, inateleza. Lakini neno ambalo Wajapani wanalibishania halipo hata kama kivuli.

Sasa fikiria tafsiri ya Kiswahili inayotokana na Kiingereza hicho. Msomaji wa Kigoma hatajua kwamba kitabu kinafunguka kwa mpaka. Na huyu ndiye msomaji ambaye angeuelewa kuliko wengi, kwa sababu neno letu linabeba yote mawili bila kutokwa jasho. Mpaka wa Tanzania na Burundi ni mpaka. Mpaka wa shamba langu na la jirani ni mpaka. Kokkyō na kunizakai zinakaa ndani ya neno moja, na mtafsiri hahitaji kuchagua. Tena Kiswahili kinatupa zawadi ya juu yake: mpaka ni hadi. Twende mpaka kule. Kwa riwaya ya mtu anayekwenda mpaka mahali fulani kisha hawezi kuvuka zaidi, kwenye mapenzi wala kwenye maisha, sijui neno bora kuliko hilo katika lugha yoyote.

Jambo hili tunalo nyumbani

Na tusijifanye kwamba kuamuliwa usomaji ni jambo geni kwetu. Tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Mwandiko ule wa zamani ulikuwa na alama tatu za irabu kwa irabu zetu tano, na mara nyingi herufi moja ilibeba b na p. Bata na pata zinaweza kufanana. Kuku na koko vilevile. Msomaji wa Pate au Lamu hakusumbuka, alijua utenzi, mizani na vina vikamwongoza. Lakini sisi tunaosoma matoleo ya herufi za Kilatini tunasoma uamuzi wa mtu: mtaalamu fulani alikaa mezani akasema hapa ni e, hapa ni i. Mara nyingi alikuwa sahihi. Hata hivyo aliamua, na toleo lisilo na maelezo linatuficha kwamba palikuwa na njia panda.

Kwa hiyo ninapodai tafsiri kutoka lugha ya asili, sidai usafi wala sichukii Kiingereza. Kimenilisha. Nadai haki ya kufanya uamuzi wetu wenyewe kwenye njia panda, badala ya kurithi wa mtu aliyekuwa akiwafikiria wasomaji wa New York.

Tena watu tunao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Konfyusi mwaka 2005, ya kwanza Afrika, na cha Dar es Salaam mwaka 2013. Vijana wanaosoma Kichina vizuri wapo, na wengi tunakutana nao wakiwa wakalimani kwenye miradi ya barabara na maduka ya Kariakoo. Kazi ya heshima, inalipa kodi ya nyumba. Lakini hakuna mchapishaji anayewafuata na riwaya mkononi. Upande wa pili, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili mpaka shahada. Wao wanatusoma bila dalali.

Wachapishaji watasema soko dogo. Sawa, tuanze na kidogo: hadithi fupi moja, mtafsiri anayejua lugha ya asili, na kurasa mbili mwishoni akituambia wapi alikuta njia panda na kwa nini alipita huku. Hizo kurasa mbili zingetufundisha kusoma kuliko mabango yote ya hekima ya mashariki. Na kabla hujanunua tafsiri nyingine yoyote, geuza ukurasa wa haki miliki uangalie imetoka lugha gani. Kama haijaandikwa, muulize mwenye duka. Kama naye hajui, mwandikie mchapishaji. Barua pepe haina nauli.